Mna Maji

Tarach huja bila mvua. Anga ya Kakuma inaweza kuwa tupu, jua liko utosini, mbuzi wamejibanza chini ya mgunga, na mara ule mkondo wa mchanga uliokuwa njia ya punda na uwanja wa mpira wa watoto unaanza kunguruma kutoka juu. Mvua ilinyesha jana, au usiku, kwenye milima ya mpakani mwa Uganda, ambako hakuna wa huku aliyeiona. Maji yanafika na magogo, mizoga, ndara zisizo na wenzake, na povu la rangi ya chai ya maziwa. Kwa saa kadhaa kuna mto. Kisha hakuna. Panabaki tope linalong'aa, halafu tope linalopasuka, halafu mchanga uleule wa juzi.

Kinachobaki hapo katikati, baada ya mto na kabla ya mchanga, kina jina gani? Ndilo jambo linalonishughulisha kila nikipita njia ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, na hasa nikifika upande wa Lopur, wadi ya Turkana Magharibi iliyo jirani na Kakuma, ambako watu na mifugo wanaishi kwa hisani ya laga. Laga ndilo neno la Kaskazini nzima ya Kenya: mto usio na maji, au kwa usahihi zaidi, mto ambao maji yake yana miadi. Mtu wa Lodwar hasemi mto mkavu. Anasema laga, na anayesikia anajua kwamba mle si mwa kulala usiku.

Mtu asidhani kwamba Kiswahili kimepungukiwa na msamiati wa majimaji. Lugha iliyokulia kati ya mikoko na bahari, ikapanda bara kwa kufuata mito na maziwa, haiwezi kukosa maneno ya mahali mguu unapozama. Kuna tope na matope. Kuna dimbwi, la kuruka kwa hatua moja, na bwawa, la kuzunguka. Kuna tingatinga, ambalo kamusi bado inalihifadhi kwa maana ya ardhi ya majimaji inayotikisika ukiikanyaga, ingawa vijana wa leo ukiwatajia hufikiria kwanza trekta la kubomoa nyumba, na watu wa sanaa hufikiria picha za rangi kali zilizopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Kuna tindiga, kinamasi cha majani marefu, ambako Waswahili wa misafara walipata jina la kuwaitia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi: Watindiga, watu wa majani ya majini. Jina hilo walipewa na wapita njia, na wao wenyewe hawakuulizwa. Kuna mbuga, ambayo kabla ya kuwa ya wanyama na watalii ilikuwa, na huko Usukuma bado ni, ile nyanda ya udongo mweusi inayogeuka uji masika na kupasuka nyufa kiangazi.

Na kuna kinamasi. Hili ndilo neno la shuleni, la ramani za jiografia, la taarifa ya habari. Mlaji wa bamia na mlenda analijua kwa njia nyingine: kinamasi ni ule ute unaovutika kutoka kwenye kijiko. Sina hakika kama mwanafunzi anayechora alama za kinamasi kwenye daftari anaukumbuka ute huo, lakini neno linaukumbuka. Kinamasi kinateleza, kinanata, kinashika. Jirani zake katika lugha ni kukwama, kuzama, kuchafuka. Mtu akiingia matatizoni tunasema yumo topeni. Siasa za kupakana matope hazihitaji maelezo. Kwa jumla, sisi tulioanza kusema lugha hii mahali penye maji ya kutosha tuliyapa maneno ya ardhi ya majimaji sura ya kero, kitu cha kukatiwa mifereji na kufukiwa kwa kifusi ili mtu ajenge.

Majina ya miji yanasema hivyohivyo. Nairobi ni jina la Kimaasai la maji baridi. Wajenzi wa reli walipofika mwaka 1899 walikuta bwawa na nyasi, wakaliona kama uwanja tambarare wa kuegesha mabehewa. Dar es Salaam wamekwenda mbali zaidi. Bonde la Msimbazi, mojawapo ya sehemu zinazofurika zaidi jijini, lina eneo liitwalo Jangwani. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa hapo imeshaingiliwa na maji mara kadhaa, na klabu ya Yanga, ambayo makao yake yako huko, huitwa na watani wao wa Simba kwa jina la vyura. Vyura wa Jangwani! Mturkana akisikia kwamba pwani kuna jangwa lenye vyura, ataomba aelekezwe njia.

Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, na hizo haziji kwa utaratibu: zinaweza kuanguka sehemu kubwa katika majuma machache, au zisionekane. Kwa Kiturkana kuna akamu, wakati wa ukame, na kuna akiporo, wakati wa mvua na majani na maziwa. Nawaheshimu sana watafsiri wanaoandika kwamba hizi ni kiangazi na masika, lakini masika ni ahadi ya kalenda. Mkulima wa Tanga akikosa masika analalamika kama mtu aliyedhulumiwa haki yake. Akiporo haina deni kwa mtu. Ikija, imekuja, na Akuj, Mungu wa Waturkana, ashukuriwe.

Katika nchi ya namna hiyo, ardhi iliyolowa haiwezi kuwa kero kwanza. Ni habari. Wachungaji wakisikia kuwa upande fulani kumelowa, wanahamisha mifugo. Kwa hiyo mtu anayeingia Turkana na neno kinamasi mfukoni, akilitafuta mahali pa kulibandika, atahangaika. Atatafuta mahali, na kinachotakiwa ni wakati.

Wataalamu wa mazingira waliligundua tatizo la kero mapema, wakaunda neno safi: ardhi oevu. Limetoka kwenye kitenzi chetu wenyewe, lowa, na halina harufu. Mkataba wa Ramsar uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971 unazihesabu kuwa ardhi oevu hata zile ambazo maji yake ni ya muda, na Kenya ilijiunga nao mwaka 1990. Tangu hapo nchi imeandikisha maeneo sita: Ziwa Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elementaita na delta ya Mto Tana. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona kwamba Kaunti ya Turkana, yenye sehemu kubwa ya ufuo wa ziwa kubwa kuliko yote ya jangwani duniani, haimo. Wala siamini kuna hila. Nadhani ni jicho tu. Maneno ya muda yako katika mkataba, lakini anayepita na ndege juu ya Lotikipi mwezi wa Januari ataona vumbi, na vumbi ni vigumu kuliandikisha kama maji.

Lotikipi ndiko Tarach inakoishia. Maji yakishapita Kakuma huenda kaskazini hadi kwenye nyanda hizo pana za udongo wa mfinyanzi, karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia, yakatandazika, yakakosa pa kwenda, yakageuka majani. Miezi michache baadaye ni pakavu tena. Mto huu haujawahi kuonja bahari.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mwalimu wa sarufi. Kila aliyesoma shule ya msingi Kenya amekariri ngeli ya mahali kama wimbo: PA-KU-MU. PA ni mahali maalumu, unaweza kupaonyesha kwa kidole. KU ni mahali pa jumla, huko na huko. MU ni mahali pa ndani. Pale pana, kule kuna, mle mna. Mtihani unapita, na mtoto anarudi nyumbani kusema kuna kwa kila kitu: kuna watu darasani, kuna maji mtungini, kuna nyoka shimoni. Kiswahili cha bara kimeila MU karibu yote. Wazee wa Lamu na Mombasa bado wanasema mna chumvi humu na nyumbani hamna mtu, na wengi wetu tunawasikia kama watu wanaopamba maneno. Hata hamna, ambalo vijana wa Nairobi wanalitumia kutwa kucha, sasa maana yake ni hapana tu. Undani wake umetoka.

Nashangaa kwamba ngeli hiyo iliyoachwa na watu wa bara ndiyo inayohitajika zaidi kuliko zote katika laga ya Lopur. Jaribu kueleza hali ya ardhi ya huko bila MU. Siku Tarach inapopita, pamelowa. Kila mtu anaona. Akiporo ikiwa njema, kumelowa, na mbuzi wanajua. Lakini miezi mingine yote, na ndiyo mingi, mchanga juu ni mkavu wa kuunguza nyayo, na chini yake, dhiraa moja au mbili au kimo cha mtu, mmelowa. Maji hayako pale wala hayako kule. Yamo mle.

Wanawake wa Turkana wanaishi kwa habari hiyo. Wanachimba katika kitako cha laga kwa mikono na bakuli na sufuria, wanaingia shimoni, wanasubiri maji yajikusanye, wanayachota kidogo kidogo na kuyapitisha juu kutoka mkono hadi mkono. Shimo linaweza kuwa la kukaa, linaweza kuwa la kusimama ukatoweka. Kingo za mchanga huporomoka, na si kila anayeshuka hupanda. Hawachimbi popote. Wanaangalia mahali mkondo ulipopinda, mahali mwamba unapokaribia juu, mistari ya miti iliyobaki kijani bila sababu inayoonekana.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya shimo lake, mtungi wa plastiki wa manjano ukiwa tupu ubavuni:

"Mama, maji yako wapi?"

"Maji iko ndani, mwalimu," akanijibu, bila kuinua macho. Kila mgeni mwenye shati la mikono mirefu huku ni mwalimu.

Mtu wa pwani atataka kumsahihisha: sema yamo. Afadhali anyamaze. Yeye ngeli hana, lakini maji anayo. Sisi wenye ngeli tungekufa na kiu juu ya sarufi yetu. Kuna methali tunayoipenda kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mama huyu anayazoa maji yaliyomwagika Uganda majuma mengi yaliyopita.

Wakamba wa Machakos na Kitui wamelifanya jambo hilo kuwa kazi ya ujenzi. Wanajenga ukuta wa zege kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanauleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na watu wanafurahia kuona bwawa lao limejaa mchanga. Mgeni angedhani mradi umeharibika. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na katika nafasi mna maji: karibu robo ya ujazo wa mchanga, na zaidi ukiwa wa chembe kubwa. Jua haliyafikii, mbu hawawezi kutaga humo, ng'ombe hawayachafui kwa kwato. Malaria ya Turkana, ambayo hufuata mvua kama mdai, huzaliwa kwenye madimbwi ya juu, yale ya PA. Maji ya MU hayana mbu.

Yana nzige, hata hivyo. Mwaka 2020, Kenya ilipovamiwa na nzige wa jangwani kwa kiasi ambacho haikukiona kwa miaka 70, Turkana ikawa mojawapo ya maeneo yaliyoathiriwa vibaya zaidi. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, zilizotokana na joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi upande wetu, zilikuwa zimelowesha ardhi kupita desturi. Nzige jike hatagi mayai penye tope wala penye mchanga mkavu. Huchomeka ncha ya tumbo lake ardhini, hupima, na akikuta juu ni pakavu na chini mna unyevu, humo ndimo anamotaga, sentimita chache chini. Kwa hiyo mdudu yule aliyetumalizia majani alikuwa mjuzi wa jambo lilelile ambalo mama wa shimo analijua. Ndege za kunyunyiza dawa ziliruka juu ya nchi iliyoonekana kavu na tupu, zikiwafuata viumbe waliotoka ndani yake.

Kisha kuna hadithi ya mwaka 2013. Tarehe 11 Septemba serikali ya Kenya pamoja na UNESCO walitangaza Nairobi kwamba chini ya Turkana kumegunduliwa maji. Kampuni ya Mfaransa Alain Gachet ilikuwa imechanganya picha za setilaiti na rada na taarifa za miamba, ikaonyesha hazina mbili, moja karibu na Lodwar na nyingine, kubwa mno, chini ya Lotikipi, iliyokadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200. Magazeti yakapiga hesabu: maji ya kutosha nchi nzima kwa miaka 70. Watu wa Lodwar wakasoma habari zao wenyewe kama watu waliorithi kwa mjomba wasiyemjua.

Vichwa vya habari vilisema Turkana kuna maji. Ningependa vingesema mna maji. Si kwa ajili ya urembo. Ukisema kuna, msikilizaji anaona mfereji. Ukisema mna, anauliza mara moja: ndani kiasi gani, na nani atayatoa, na yakitoka yatakuwa na ladha gani? Hayo ndiyo maswali yaliyokuja baadaye. Visima vya majaribio vilipochimbwa Lotikipi, maji yalionekana kuwa na chumvi nyingi kupita kiwango cha kunyweka. Maji yalikuwamo, uongo haukusemwa. Kilichokosekana ni ile adabu ya mama wa shimo, ambaye huonja kwanza, halafu ndipo huita wenzake. Jina la Lodwar lenyewe, wenyeji husema, linatokana na uchungu. Labda nchi ilikwisha kutoa taarifa.

Rada ya Gachet haikuwa ya kwanza kusoma unyevu wa zamani katika nchi hii. Mwezi wa Agosti 1984, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ya mawe yaliyokizunguka. Jicho lake, la mtoto wa Ukambani aliyejifunza kazi hiyo kwa kuifanya, lilikitofautisha. Wakachimba, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye dunia inamwita mvulana wa Nariokotome. Wanajiolojia waliosoma udongo uliomzunguka walisema alilala katika maji ya kina kifupi, pembezoni mwa mto uliofurika. Kinamasi, kwa neno la shule. Angefia kwenye jiwe au mchanga mkavu, fisi na jua wangemgawana. Tope lilimfunika upesi, likamtunza. Katika historia nzima ya binadamu kuna miili michache iliyopata mazishi kamili kama hayo, na waliomzika hawakuwa watu.

Miaka elfu kadhaa iliyopita, katika kipindi ambacho Sahara yenyewe ilikuwa na malisho, ziwa hili lilisimama makumi ya mita juu ya lilipo leo, likafurika upande wa kaskazini-magharibi, likapita Lotikipi na kwenda kuungana na Mto Nile. Ndiyo maana mbuta na mamba wa Turkana ni ndugu wa wale wa Nile. Nyanda zile ambazo leo mchungaji anavuka na ngamia wake zilikuwa njia ya samaki. Mwenye kusema kwamba Turkana ni nchi kavu amesema kweli ya wiki hii.

Wageni wamekuwa wakisema vibaya zaidi. Ukisoma makala za ng'ambo kuhusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, utakutana mara kwa mara na sentensi inayodai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Imenakiliwa kutoka makala hadi kitabu, kutoka kitabu hadi hotuba. Msemaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hakuna neno hilo katika lugha yake kwa maana hiyo, na lile linalolikaribia kwa sauti hatulitaji mbele za wazee. Kinachonichekesha ni kwamba wamechagua lugha mbaya ya kusingizia. Kiswahili hakina nomino ya pasipo mahali. Lugha hii inagawa mahali mara tatu, kwa umaalumu, kwa jumla na kwa ndani, na ukitaka kusema hapako popote, huna budi kwanza kupataja ndipo upakanushe.

Lakini imani kwamba huku si mahali ni kongwe kuliko makala hizo. Wakoloni waliifunga wilaya hii, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Walipotaka kumficha Jomo Kenyatta baada ya hukumu ya Kapenguria mwaka 1953 walimpeleka Lokitaung, na mwaka 1959 wakamleta Lodwar, akakaa hadi 1961. Hawakuhitaji ukuta mrefu. Ukame ulitosha kuwa askari jela. Na serikali huru ilipopata vijana wa Sudan kwa maelfu mwaka 1992, waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia baada ya kufukuzwa huko, ilitafuta mahali pa kuwaweka ikakumbuka mahali palepale.

Kwa hao vijana na waliowafuata, majimaji si kero wala si habari. Ni nyumbani. Kwa Wadinka wa Jonglei na Bor ipo toic, nyanda ya majani inayofunikwa na mafuriko ya Nile na kufunuliwa wakati wa kiangazi, ambako ng'ombe hupelekwa wakati nchi ya juu inapokauka. Toic ikifunuka kuna maziwa, kuna samaki waliobaki madimbwini, kuna ngoma na uchumba. Sijui neno la Kiswahili linaloweza kuibeba. Ukiiita kinamasi umeitukana, na ukiiita malisho umesahau maji.

Serikali za Khartoum na Cairo ziliiangalia nchi hiyohiyo na kuona hasara: maji yanayoenea na kupotea hewani badala ya kwenda mashambani kaskazini. Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuwa wa kilomita 360, ili Nile uvushwe kando ya kinamasi cha Sudd. Jina Sudd lenyewe ni la Kiarabu, maana yake kizuizi. Ndivyo wenye merikebu walivyokiona. Kijana mmoja wa Bor, John Garang, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu eneo la mradi huo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1981. Miaka miwili baadaye alikuwa kiongozi wa waasi, na vita vikausimamisha mfereji baada ya zaidi ya kilomita 200. Mashine kubwa ya kuchimbia iliachwa huko ikaoza. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini katika orodha yake lipo pia suala la kwamba watu wawili waliitazama ardhi moja iliyolowa, mmoja akaiita kizuizi na mwingine akaiita malisho ya ng'ombe wa baba yake.

Wajukuu wa ugomvi huo ndio wanaopanga foleni ya maji Kakuma leo. Tangu mwaka 2019 mafuriko ya mfululizo yamefunika sehemu za majimbo ya Jonglei na Unity, na toic ambayo zamani ilifunuka kila mwaka kuna mahali imekataa kufunuka. Kwa hiyo katika kambi yenye zaidi ya watu 200,000, ukiihesabu pamoja na makazi ya Kalobeyei, utakuta aliyekimbia maji mengi akigombea mtungi na aliyekimbia ukame wa Somalia. Mkongo wa hapo, Mswahili wa Bukavu au Uvira, tope kwake ni potopoto. Msomali atakwambia dhoobo. Kibanda kikibomoka Tarach inapopanda, maneno yote matatu yanaweza kusikika katika uchochoro mmoja, pamoja na la Kiturkana la jirani aliyekuja kusaidia au kutazama.

Na inapopanda, inabomoa kweli. Kambi imejengwa kando ya Tarach na laga zake ndogo, katika ardhi ambayo siku ya kupimwa ilikuwa kavu. Mgeni aliambiwa ajenge hapa, akajenga. Mwenyeji wa Lopur angemwambia kwamba mchanga laini, mweupe, usio na kichaka ni kitanda cha mtu mwingine ambaye yuko safarini. Siku hizi hata dalili za vichaka zimevurugika, kwa sababu mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miongo kadhaa iliyopita kuzuia jangwa, na ambao Waturkana wanauita etirae, umejaa kila ukingo. Mizizi yake inafuata maji ya ndani kwa bidii kuliko jembe lolote. Zamani mstari wa kijani ulimwonyesha mama mahali pa kuchimba. Sasa kijani kiko kila mahali na hakimwambii kitu, au kinamwambia kwamba mwingine ameshatangulia kunywa.

Madereva wa malori ya Lokichoggio wana swali wanalouliza wakisimama kingoni mwa laga, injini ikinguruma, turnboi ameshashuka kupima mchanga kwa mguu: "Mna maji?" Wanawauliza wanawake walioko mashimoni. Sikio la sarufi linasikia maswali mawili. Nyinyi mna maji, au mle mna maji? Kwa dereva yote mawili ni muhimu, la kwanza kwa rejeta na la pili kwa magurudumu, maana mchanga uliolowa ndani hubeba lori vizuri hadi dakika unapoacha kulibeba.

Vitabu vya darasa la tano vina mifano yao ya MU, na yote ni ya vyumba: darasani mna madawati, kabatini mna vikombe, mfukoni mna kalamu. Mtoto wa Lopur ambaye nyumba yao haina kabati anaikariri hivyohivyo. Mwalimu wake angeweza kuandika ubaoni lagani mna maji, na darasa zima lingeelewa ngeli hiyo kwa siku moja, ingawa nahofu mmoja angenyoosha mkono kuuliza laga ipi, mwezi gani, na upande upi wa kona.